Jani Lisilo na Meno

Bunia, Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025

Yaya Gracieuse mpendwa,

Kwa kuwa mnara wa simu wa Boga umenyamaza tangu Pasaka, nakuandikia kwa mkono. Moïse ataichukua barua hii kwenye gari lake Jumatano, ikiwa barabara itakuwa wazi. Usiucheke mwandiko wangu. Kompyuta ya ofisini imeniharibu vidole.

Kwanza, Papa. Katika barua yako ya Aprili uliandika kwamba "anaendelea," na neno hilo nimelisoma mara nyingi bila kujua linaelekea wapi. Anaendelea vizuri, au anaendelea kuumwa? Daktari alipotuambia mwezi wa pili kwamba ugonjwa umeingia mifupani, na kwamba kilichobaki ni kupunguza maumivu, niliandika kila neno lake kwenye daftari. Leo nikilisoma daftari lile sina hakika kama nilielewa hata sentensi moja.

Hapa ofisini kwa Commune ya Mbunya nimepewa kazi inayonitia wasiwasi kuliko ukubwa wake. Mtu mmoja aitwaye Jérôme, muuguzi wa zamani, ameomba ruhusa ya kufungua nyumba ya dawa za majani katika kiwanja chake, hatua tisini na mbili kutoka lango la shule ya msingi. (Nilizihesabu mara mbili; mara ya pili nilipata tisini na tano.) Kabla ya ruhusa ni lazima tuwaulize majirani, kwa siku kumi na tano, kama jambo hilo litawafaa au litawasumbua. Kwenye makaratasi huitwa kwa Kilatini *commodo et incommodo*. Mtaani wamekwisha kulifupisha, na mimi sasa naitwa Mama Komodo.

Shida ni kibao. Jérôme ametundika ukutani kibao chenye jani la kijani, vidole saba vilivyotanuka, na majirani wanasema ni bangi. Ikiwa ndivyo, jambo hili si la kiwanja tena, ni la polisi na gereza; na atakayekuwa ameweka sahihi kwenye rapport, taarifa ya kumkubalia, ataulizwa macho yake yalikuwa wapi. Sahihi hiyo ni yangu. Natakiwa kuikabidhi rapport Ijumaa, tarehe 23.

Wanasema husafiri mara kwa mara hadi Boga. Unamfahamu? Ni mtu wa namna gani? Sikuombi uchunguze, nakuomba tu unipe neno la mtu ninayemwamini.

Mdogo wako,
Adeline


Boga, tarehe 9 Mei 2025

Mudogo wangu Adeline,

Barua imefika, na nimemusomea Papa kama kawaida, maana macho yake imezidi kuwa na ukungu. Mama Komodo! Amecheka mpaka akashika mbavu. Sasa anakuita vile hata akisali: "Mungu, ulinde Komodo yangu ya Bunia."

Papa iko muzuri. Kweli. Toka mwisho ya mwezi ya tatu hajalia tena. Anakunywa chai yake, anakula, analala. Juzi alitembea na fimbo mpaka pa zizi, akapapasa ng'ombe moja moja, akanishitaki kwamba ile ya madoa imekonda. Unamujua. Muzee akianza kulalamika juu ya ng'ombe, basi hakuna kitu ingine inamuuma.

Ule Jérôme, hapana, simujui. Jina nalisikia tu, sawa vile mutu anasikia majina ya watu. Boga inapitisha wengi.

Lakini nikuulize: mukimukatalia, atafunga tu ule mulango wa barabara, ao atakatazwa hata kupokea wagonjwa kwake nyumbani? Nauliza tu. Weye ulisoma, usikubali majirani wakufundishe kazi.

Papa anasema ukule, umekonda kama ile ng'ombe. Hakuoni, lakini anasema.

Yaya yako,
Gracieuse


Boga, tarehe 9 Mei 2025

Muuguzi Jérôme,

Usome hii, uichome.

Ule mwanamuke wa Commune anayezunguka kwa majirani wako, Adeline, ni mudogo wangu, tumbo moja. Ameniuliza kama nakujua. Nimeandika hapana, na kalamu ikakwama pale pale, mpaka nikaibadilisha. Akija kwako, usitaje Boga, usitaje muzee wangu.

Na utoe ile jani pa kibao! Mutu gani anaficha kitu mu kopo, kisha anaichora pa ukuta?

Ile dawa tuko nayo itatosha wiki mbili, si zaidi. Papa hajui ni nini. Anaiita chai ya Bunia, na anasema Bunia kwa mara ya kwanza imetengeneza kitu ya maana. Nikifikiria siku itaisha, naamka usiku kuipima na kijiko.

Gracieuse


Bunia, tarehe 14 Mei 2025

Mama Gracieuse,

Nimesoma, nimechoma.

Jani ya kibao ni sombe. Mbele ya Mungu, ni sombe! Nilimwambia Fiston, ule fundi wa vibao, anichoree jani ya dawa. Akauliza, "Jani gani?" Nikasema, "Yoyote yenye kupendeza." Kumbe Fiston anajua kuchora vitu tatu tu: simba, Bikira Maria, na majani ya muhogo ya restaurant. Mimi ningejua, ningechukua simba. Sasa nikikitoa kibao, watasema nimekimbia.

Unajua nitauza nini pale: mchaichai, tangawizi, ganda ya kwinini, vitu ambavyo hata bibi ya mutu anavyo jikoni. Ile ingine haitauzwa. Ni ya wagonjwa wanne, wale hospitali iliwarudisha kwao. Nilifanya kazi miaka kumi na nane nikiwasikia watu kama wale wakilia, na mukononi niko na vidonge vya kichwa. Sioni kama ni zambi. Lakini sioni pia namna ya kuisema mbele ya Commune. Sheria ni sheria, hainiulizi nimesikia kilio ya nani.

Mudogo wako alikuja jana. Alipima mpaka choo. Mwishoni akaniuliza, "Muuguzi, kuna kitu katika nyumba hii ambacho sikukuuliza?" Nikajibu, "Mama, mutu atajuaje kitu hakuulizwa?" Hakucheka. Aliandika.

Polisi ninawajua, wanapiga kelele. Yeye anasikiliza. Ananitia woga zaidi.

Jérôme


Bunia, Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025

Yaya mpendwa,

Asante kwa habari za Papa. Nimezisoma kwa furaha, kisha furaha ikanitia shaka, maana daktari hakutupa tumaini la namna hiyo. Lakini labda daktari alikosea. Nao ni watu. Nimeamua kukuamini wewe.

Ulimuuliza Mama Komodo swali, naye anakujibu: akikataliwa, hataruhusiwa kupokea mgonjwa hata mmoja katika kiwanja kile, awe mlangoni au jikoni. Ndiyo sababu siwezi kuandika kwa wepesi.

Alhamisi tulikutana na majirani katika darasa la sita la shule ile ile. Watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Papa David, anayepakana na Jérôme kwa ukuta, alisimama wa kwanza: "Mbuzi yangu imekula majani ya ule Jérôme pa lupango, mu kiwanja yake, wiki muzima. Kama ni bangi, mbona haijaanza kuimba?"

Mtu wa nyuma akamjibu, "Labda inaimbia moyoni, sawa weye kanisani!"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, na kwa muda nilidhani kazi imekwisha. Kisha directrice wa shule, Mama Aimée, aliinuka polepole. "Watoto wangu wanapita pale mara ine kwa siku," alisema. "Miye sitaki kujua jani ni ya nini. Nataka kujua, Mama Komodo: kama ni ile wanasema, ni nani ataweka jina yake kwamba siyo?"

Wote walinitazama mimi.

Basi Ijumaa nilifanya jambo ambalo litakuchekesha. Nilinunua fungu la sombe sokoni, nikapanda juu ya kiti mbele ya kibao, nikaliweka jani la kweli juu ya jani la rangi. Watoto wa shule walijipanga kunitazama kama sinema. Vidole saba kwa saba. Nimesoma kwamba jani la bangi lina meno ukingoni mwote, kama msumeno, na jani la kibao ni laini kabisa. Kwa hiyo nimeandika rasimu: *Jani lililochorwa ni la muhogo. Madai ya bangi hayana msingi.*

Sentensi ya kwanza naweza kuiapia. Ya pili inaninyima raha. Nimethibitisha picha, je, nimethibitisha nyumba? Jérôme alinifungulia makopo yake, moja baada ya jingine, nikanusa yote. Ni makopo ya maziwa ya unga aliyoyapaka rangi nyekundu na kuyaandika namba nyeupe, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Namba nane haikuwapo. Kwenye rafu palikuwa na duara hafifu katikati ya vumbi, mahali pa kopo moja. Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba kopo hupotea, kwamba mtu ana haki ya kunywea chai yake kwenye kopo lake. Nikitazama nyuma, naona kwamba nilichagua kutouliza kwa sababu nilikwisha kumpenda: mikono yake inashika vitu kama mtu aliyezoea kushika wagonjwa. Hiyo si hoja, najua.

Nisaidie kwa jambo dogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchuma sombe. Ukingo wa jani la muhogo, hata likiwa changa, una meno? Macho yangu ni ya mtu wa ofisi. Ukinihakikishia hilo, nitaweka sahihi.

Mdogo wako,
Adeline


Boga, Jumanne, tarehe 20 Mei 2025

Mudogo wangu,

Moïse anawasha gari, sijamusomea hata Papa. Nakujibu wima.

Jani ya sombe haina meno. Changa haina, kubwa haina. Nimechuma toka niko na miaka sita, haijanikata hata siku moja.

Weka sahihi.

Gracieuse


Boga, Jumatano, tarehe 21 Mei 2025

Mwanangu Adeline,

Papa anasema, mimi Gracieuse naandika. Amenikataza nisipunguze neno, na kila mustari nikimaliza ananiambia nimusomee.

Anasema: jana jioni Gracieuse alinisomea barua yako. Alisoma muzuri, mbuzi, madawati, tukacheka. Akafika pa makopo, akasema "kuanzia moja hadi kumi na mbili," kisha akanyamaza. Nikamuuliza, "Kwa nini unanyamaza?" Akasema mwandiko ni mubaya. Mwandiko yako haijawa mubaya hata siku moja, ni mimi nilikufundisha na kijiti mu udongo. Nikamwambia soma. Akasoma namba nane na sauti ya mutu anayesoma jina ya marehemu.

Anasema: nikamuita mutoto wa jirani, nikamupa kopo ya chai yangu, nikamuuliza imeandikwa nini. Akasema, "Nane, Tate."

Anasema: kopo namba nane iko hapa, Adeline. Iko pembeni ya kitanda yangu toka mwezi ya tatu. Nikafungua. Macho hayaoni, lakini vidole ni vya mulimaji. Nikatafuta mpaka nikapata jani moja haijavunjika, nikapitisha kidole pa ukingo. Iko na meno.

Anasema: Gracieuse hakuwa mubaya. Alinisikia nikilia, akatafuta. Baba ingine angemupa baraka, na mimi nimemupa. Lakini jina utaweka pale chini ni jina nilikupa mimi, siku ya kwanza, kabla hata mama yako hajaamka. Sitalala juu ya jina ile.

Anasema: nimemwambia Gracieuse amwage kopo yote mu choo, na nilisimama pa mulango nikasikiliza mpaka ikaanguka. Jani moja tu nimeacha. Ndiyo hii mu barua. Usimufunge ule muuguzi kwa mukono yako. Usimufungulie pia. Wewe ulisoma, utajua njia ya katikati, mimi siijui.

Ndiyo maneno ya Papa. Ameweka kidole hapa chini, na wino.

Sasa mimi. Adeline, nilikuandikia simujui. Namujua. Jana nilikuandikia sombe haina meno, na ni kweli haina, na sijawahi kusema kweli mubaya kama ile. Moïse amekwisha kwenda. Namupa Willy wa moto, ule wa pikipiki, barua hii, na namuomba akimbie. Kama umekwisha kuweka sahihi, Mungu anisamehe, weye usinisamehe haraka.

Gracieuse


Bunia, Jumamosi, tarehe 24 Mei 2025

Yaya Gracieuse, na Papa kupitia kwako,

Barua yako fupi ilinifikia Jumatano. Jioni hiyo hiyo niliweka sahihi, na Alhamisi nikaikabidhi rapport, siku moja kabla ya wakati, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa.

Willy alifika ofisini Ijumaa saa tatu asubuhi, matope mpaka kwenye kofia. Alisema walimkalisha kwenye barrière ya barabarani saa nne nzima, na kwamba alikuwa ameambiwa akimbie lakini hakuambiwa kwa nini. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama. Jani lilianguka juu ya meza, mbele ya watu wawili waliokuja kwa ajili ya vyeti vya kuzaliwa. Nililifunika kwa mkono. Hata kabla ya kusoma nilipitisha kidole ukingoni, Papa, kama ulivyofanya wewe.

Nilikwenda kwa katibu wa mkuu wetu, bourgmestre, kumwomba anirudishie rapport. Akaniuliza, "Umesahau nini tena, Mama Komodo?" Nikamjibu, "Nimesahau undugu wangu." Alidhani ni mzaha. Nikaandika mbele yake kwamba mtu wa familia yangu amepokea dawa kutoka kwa mwombaji, kwamba sikulijua hilo wakati wa uchunguzi, na kwamba kwa sababu hiyo maneno yangu yote juu ya nyumba ile yafutwe, ya kupendelea na ya kukataa pia. Faili limepewa mwenzangu Dominique. Ataanza upya wiki ijayo, naye si mtu wa kupitwa na kopo.

Sikusema ni dawa gani. Hakuniuliza, nami sikutaja kitu nisichoulizwa, kama Jérôme alivyonifanyia mimi. Tangu jana nalipima jambo hili na sipati uzito wake. Kama ningesema, muuguzi angekuwa gerezani leo, na wewe pamoja naye, Yaya. Kwa kuwa sikusema, Mama Aimée bado hajajibiwa, na swali lake lilikuwa la haki. Papa aliniambia kuna njia ya katikati. Nimepita mahali fulani, lakini sijui kama ni katikati au ni pembeni tu, kwenye majani.

Leo asubuhi nilipita mbele ya kiwanja. Kibao kipo. Mlango wa jikoni una kufuli jipya, na Papa David ameniambia Jérôme ameondoka na mfuko mmoja, kuelekea Mongbwalu. Wagonjwa wake wengine sijui ni wangapi, wala wanalala namna gani. Sikuwahi kuwafikiria mpaka leo, ingawa walikuwa ndani ya faili langu muda wote.

Nimekwenda hospitali. Daktari anasema ipo dawa ya maji, ya kisheria, kwa maumivu ya namna ile; huja na kukosekana, lakini wiki hii ipo, na haitolewi bila mgonjwa kuonekana. Nimezungumza na Moïse. Nitapanda gari lake Jumanne na kuja kumchukua Papa. Tayarisheni godoro la kutandika kwenye kiti cha nyuma.

Sikukasirikii, Yaya. Pengine ni kwa sababu najiuliza ningefanya nini kama ningekuwa mimi ninayesikia kilio kile kupitia ukutani, na jibu ninalolipata halinifai kama mtu wa Commune.

Willy anarudi kesho. Niandikie jambo moja tu. Papa sasa hana kopo kwa siku nne. Analala?

Adeline


Boga, Jumatatu, tarehe 26 Mei 2025

Mudogo wangu,

Godoro iko tayari.

Papa amenishika mukono hapa, anasema nikuandikie kwamba amelala muzuri, toka Jumatano mpaka leo.

Hakulala.

Gracieuse